Nisomee, Usinisimulie

Neno "dakika kumi" limewaaibisha mafundi wengi kuliko ulevi. Fundi bomba husema dakika kumi, na maji yakalala sebuleni siku mbili. Fundi wa kompyuta ndiye hatari zaidi, maana yeye hulisema akiwa ameketi, na mtu aliyeketi huaminika upesi. Jumamosi ile, saa tatu asubuhi, Bi Harusi alikaa mbele ya kompyuta ya chumba cha uchapaji, akagonga vibonye vyake kwa vidole viwili, akasema mbele ya watu watatu, "Nipeni dakika kumi. Baada ya hapo tunachapa."

Jina lake halikuwa Bi Harusi. Alikuwa ameolewa miaka tisa, na harusi yenyewe ilikwisha kusahauliwa hata na walioila. Mama mkwe wake ndiye aliyempa jina hilo siku ya kwanza na akakataa kulibadilisha. Akiitwa mezani ni Bi Harusi, akitumwa dukani ni Bi Harusi, akigombezwa ni Bi Harusi vilevile. Hakujua kama ni mapenzi au ni njia ya kumkumbusha kwamba bado ni mgeni. Alikuwa ameacha kuuliza, ila hakuwa ameacha kujiuliza.

Mama mkwe huyo alikuwa pale pale chumbani, kwenye kiti chake kando ya mtambo wa kuchapa nukta nundu. Alikuwa haoni tangu utotoni. Shule nzima ilimwita Mama Vidole, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita hakuna karatasi iliyotoka katika chumba kile bila kupita chini ya vidole vyake. Vitabu vya watoto wasioona wa shule ile, barua zao, ripoti zao, vyote alivisoma yeye kwanza. Akikuta nukta moja imekosekana, kazi inarudi, na haijalishi nani amekasirika.

Siku hiyo kilichosubiri kuchapwa kilikuwa mtihani wa mwisho wa hesabu. Watahiniwa walikuwa kumi na wanne, na mtihani ni Jumatatu. Maswali yalikuwa ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na bahasha ilikuwa mikononi mwa Msimamizi, mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama, aliyetumwa na ofisi ya mitihani.

"Mimi nina utaratibu," Msimamizi alisema. "Saa kumi kamili gari linanipitia, na bahasha inaondoka na mimi. Nakala zikiwa zimechapwa, sawa. Zisipochapwa, Jumatatu watoto watasomewa maswali kwa mdomo. Utaratibu unaruhusu."

"Hesabu," Mama Vidole alisema, "yenye michoro. Kusomewa kwa mdomo."

"Utaratibu unaruhusu, mama."

Mwalimu Mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni na funguo zake, alikohoa kidogo kisha akasema lile ambalo wote walikuwa wakilizungukia. Bodi ilikuwa imechoka na chumba hiki. Kompyuta ya zamani ilikufa Jumatano, hii iliyopo ilitolewa stoo ikiwa na vumbi la miaka, na kama leo hakuna kitakachochapwa, basi chumba kitafungwa na Mama Vidole atapumzishwa kwa heshima. Alilitamka neno heshima polepole. Mama Vidole alilisikia, na kila aliyekuwamo aliona jinsi mkono wake ulivyotafuta ukingo wa mtambo na kuushika.

"Hayatafika huko, mwalimu," Bi Harusi alisema. "Kila kitu kiko tayari. Dakika kumi."

Na kweli aliamini. Programu ya kuchapa ilikuwa ya bure na nyepesi, lakini haikuweza kufanya lolote bila maktaba yake ya nyongeza, yale mafaili yanayojua kugeuza maandishi ya kawaida kuwa nukta. Maktaba hiyo haikupatikana ikiwa tayari kwa kompyuta ya aina hii. Ilibidi uchukue maandishi yake ya asili, kama watunzi walivyoyaandika, uyakompaili mwenyewe, yaani uyapike mpaka yawe kitu ambacho mashine inaweza kukitafuna. Bi Harusi aliipika Alhamisi nyumbani, kwenye kompyuta yake nzuri ambayo mumewe alimnunulia kwa miezi minane ya kunyoa vichwa vya watu. Ijumaa alipita shuleni, akanakili, akafungua programu, ikafunguka vizuri, akaenda zake akiimba. Hakuchapa hata ukurasa mmoja wa majaribio. Karatasi nzito za nukta zilikuwa zimebaki chache, na zaidi ya hapo, aliyejua kupika hana haja ya kuonja kila saa.

Msimamizi alivunja lakiri. Maswali yakaingizwa. Bi Harusi akabonyeza "Chapa".

Programu ikajifunga. Haikulalamika wala haikutoa sauti, ilitoweka tu, na kioo kikabaki na rangi yake ya buluu.

*

Saa nne na nusu Bi Harusi alikuwa amefuta na kunakili upya mara tatu. Aliwasha, akazima, akawasha. Alibadilisha waya wa mtambo ingawa alijua waya hauna kosa. Kila alipobonyeza "Chapa", programu ilikwenda zake, na kila ilipokwenda, Msimamizi aliangalia saa yake, tena bila ubaya, kama mtu anayehesabu vituo akiwa safarini.

"Samahani, dada," alisema hatimaye, akatoa fomu kwenye mkoba. "Hapa kuna mahali pa kuandika jina la fundi. Fundi mwenyewe anakuja saa ngapi?"

"Ndiye mimi."

"Ndiyo, lakini fundi. Mwenye cheti."

"Cheti cha kompyuta sina. Nilijifunza mwenyewe."

Msimamizi alitikisa kichwa kwa huruma, akaandika neno moja kwenye fomu. Bi Harusi alikuwa na macho mazuri na fomu haikuwa mbali. Aliandika "hakuna".

Yapo matusi ya kelele ambayo mtu huyajibu na yakaisha. Hili halikuwa na kelele. Papo hapo Bi Harusi akakumbuka maneno ya mumewe asubuhi, wakati akivaa viatu. Mumewe alikuwa kinyozi, mtu wa mzaha mwingi, lakini asubuhi hiyo hakutania. "Mwenzangu," alimwambia, "kazi hii usiitie mkono. Ikifaulu watasema chumba kiliendelea. Ikishindikana watasema mke wa kinyozi ndiye aliyemfukuzisha mama kazi. Na mimi nitakaa na nyinyi wawili nyumba moja." Yeye alimjibu kwa kiburi na kuufunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Sasa kiburi kile kilikuwa kimekaa naye mezani, na hakikuwa na msaada.

Mwalimu Mkuu alirudi, akauliza kwa kichwa, akajibiwa kwa kichwa. "Basi nianze kutafuta walimu wa kuwasomea," alisema. "Mapema ni bora."

"Mimi nilisomewa," Mama Vidole alisema ghafla. Hakugeuza uso. "Mtihani wangu wa mwisho nilisomewa. Aliyenisomea alikuwa anapiga miayo. Swali la saba aliliruka, nikamwambia bwana, umetoka la sita umeingia la nane. Akasema la saba ni la mchoro, wewe halikuhusu. Alama nilizokosa ni mbili. Zilikuwa za swali la saba."

Mwalimu Mkuu alisema atasubiri mpaka saa nane na nusu, maana kuchapa nakala zote huchukua saa moja na robo, na baada ya hapo hata muujiza utakuwa umechelewa. Kisha akaondoka na funguo zake zikilia ukumbini.

*

"Bi Harusi," mama mkwe alisema walipobaki na Msimamizi peke yake, naye amefungua gazeti. "Mashine inasema nini?"

"Inakataa, mama. Ina kosa."

"Sikuuliza ina nini. Nimeuliza inasema nini."

"Haisemi kitu. Inajifunga tu."

"Mtu hafi bila kusema neno. Hata kuku husema. Hakuna mahali inapoandika?"

Mahali palikuwapo. Kulikuwa na dirisha jeusi ambamo mashine huandika kila inachokifanya, mistari mingi midogo, na Bi Harusi alikuwa amelifungua mapema sana na kulipitia kwa jicho moja. "Ipo mistari, mama. Ni mambo ya kawaida, inapakia hiki, inapakia kile, mwisho inasema imeshindwa."

Mama Vidole aliinua kidole cha shahada. Kidole hicho watoto wa shule walikijua, na waliokijua walikiogopa.

"Kwa miaka ishirini na sita," alisema, "wameniletea karatasi wakisema mama, ni kama ile ya jana. Mama, ni mambo ya kawaida. Sijakubali hata moja. Mwenye macho hasomi, hubahatisha akaenda zake. Mimi siwezi kuruka, kidole changu hakina mbawa. Sasa kaa vizuri. Nisomee, usinisimulie. Kila neno."

Nusura Bi Harusi akasirike. Lakini mkwe ni mkwe, na zaidi ya hayo hakuwa na wazo jingine. Akaanza kusoma, akitafsiri papo hapo, kwa sauti ya mtoto aliyelazimishwa. Inapakia programu. Tayari. Inapakia lugha. Tayari. Inatafuta mtambo. Mtambo umepatikana. Inaita maktaba ya nukta. Maktaba imeitika.

"Imeitika," Mama Vidole alirudia. "Kwa hiyo si kwamba haipo."

"Ipo, mama."

"Endelea."

"Inaanza kugeuza ukurasa wa kwanza. Halafu..." Bi Harusi alisogea karibu na kioo. Mstari wa mwisho aliuona mara kumi asubuhi hiyo na mara zote kumi aliuita kosa. Sasa ilibidi aupe maneno yake. "Halafu inasema, agizo lisilo halali. Programu imesimamishwa."

"Agizo lisilo halali ni nini?"

"Ni kwamba mashine imepewa amri isiyoijua. Sio kwamba imekataa, hai..." Alikaa na mdomo wazi kidogo, mkono juu ya kipanya.

"Nani aliyeipa amri?"

"Mimi," Bi Harusi alisema. "Mama, ni mimi."

Akamweleza mbio mbio, akijikwaa, lakini sauti yake ilikuwa imekwisha kubadilika. Alhamisi, alipokuwa anaikompaili maktaba, aliipa sharti la ziada: itumie kila ujuzi uliomo kwenye kompyuta hii, ikimbie kadiri inavyoweza. Alifanya hivyo kwa kujionyesha tu, hakuna aliyemwomba. Na maktaba ikatii, ikajaa amri za kompyuta mpya. Hii ya stoo ilikuwa ya zamani, amri hizo haijawahi kuzisikia. Ndiyo maana Ijumaa programu ilifunguka. Kufungua peke yake hakuiamshi maktaba, maktaba huamka pale unapochapa.

"Kwa hiyo umemshonea mzee nguo ya kijana," Mama Vidole alisema, "halafu unamgombeza mzee kwa nini haimwingii."

"Ndiyo, mama."

"Dawa yake?"

"Nimpime yeye mwenyewe. Niipike humu humu, ndani ya mashine hii."

"Unavyo vyombo?"

Hapo Bi Harusi alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alikuwa na maandishi yote ya asili kwenye flashi, na kikompaila, yaani programu ya kupikia, cha mashine za zamani alikuwa nacho tangu mwaka juzi kwa sababu hatupi kitu, tabia ambayo mumewe huiita uchuro na mama mkwe huiita akili. "Vyombo ninavyo," alisema. "Ila mashine hii ni ya polepole. Nyumbani ilichukua dakika ishirini. Hapa itachukua saa mbili na nusu."

"Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa tano kasorobo," Msimamizi alijibu nyuma ya gazeti. Kumbe alikuwa akisikiliza muda wote, na gazeti lilikuwa halijageuzwa ukurasa.

*

Kukompaili si kazi ya kutazamwa. Unaandika amri, unabonyeza, kisha mashine inaanza kupitisha mistari, faili baada ya faili, na pembeni asilimia zinapanda. Fundi hana la kufanya zaidi ya kukaa na kujizuia asiguse. Bi Harusi aliiambia mashine ishughulike na faili moja tu kwa wakati, maana ina kumbukumbu ndogo na ukiitwika mizigo minne kwa mpigo itaketi chini. Akaondoa lile sharti la kujionyesha. Akasoma amri yote kwa sauti, neno kwa neno, mama mkwe akiitikia kwa kichwa bila kuelewa hata neno moja, ndipo akabonyeza.

"Asilimia tatu," alisema baada ya muda.

"Nisomee," Mama Vidole alisema, na kwa mara ya kwanza ilikuwa kama mzaha.

Wakaenda hivyo. Asilimia kumi na moja. Ishirini na mbili. Msimamizi alikunja gazeti. Asilimia thelathini na tano akasogeza kiti. Asilimia hamsini akauliza kama ikifika mia ndiyo imekwisha kabisa au kuna mengine, akajibiwa kwamba imekwisha kabisa, akasema vizuri, halafu akajikumbusha kwamba yeye ni mtu wa utaratibu na akaangalia dirishani.

Saa sita na nusu, ikiwa asilimia sitini na moja, kompyuta ilizimika.

Bi Harusi aliweka kiganja ubavuni mwa sanduku lake akakitoa haraka. Lilikuwa na moto wa pasi. Feni yake ndogo ya ndani, iliyolala stoo miaka, ilikuwa inazunguka kwa kujikongoja. Akafungua kifuniko cha pembeni, akapuliza vumbi likamrudia usoni, akapepea kwa jalada la daftari. Baada ya robo saa akaiwasha. Jambo jema katika kazi hii ni kwamba mafaili yaliyokwisha kupikwa hayapikwi tena, mashine huanzia ilipoishia. Sitini na mbili. Sitini na tatu. Sitini na sita. Ikazimika tena.

Alitoka kwenda ukumbini na simu. Alimpigia mtu ambaye asubuhi alimfungia mlango.

"Nataka feni ya saluni," alisema. "Ile kubwa ya kusimama."

Upande wa pili kulisikika mashine ya kunyolea na watu wakibishana mambo ya mpira. "Mwenzangu, leo Jumamosi," mumewe alisema. "Nina watu saba kwenye benchi, joto hili. Nikiing'oa feni wataondoka waende kwa yule wa ng'ambo ya barabara, na hawatarudi."

"Najua."

"Imeshindikana?"

"Haijashindikana. Ina joto tu. Ninajua kosa liko wapi, na lilikuwa langu. Nikipata upepo wa saa moja tunachapa. Sikudanganyi."

Mashine ya kunyolea ilizimwa, simu nayo ikakatika. Bi Harusi aliiangalia simu, akasema moyoni kwamba ana haki, Jumamosi ni Jumamosi, kisha akarudi chumbani kuendelea kupepea kwa daftari. Mkono ulimuuma. Mama Vidole aliomba apewe zamu, akapepea yeye kwa nguvu za kushangaza, na Msimamizi, baada ya kuvumilia kwa dakika nzima, alisema utaratibu haukatazi kupepea, akachukua gazeti lake.

Saa saba na dakika kumi kelele zilisikika ukumbini. Kinyozi aliingia na feni begani, waya umemzunguka shingoni, jasho likimtoka. Nyuma yake aliingia mwanamume mnene, kitambaa cha kunyolea bado kimefungwa shingoni, upande wa kushoto wa kichwa umenyolewa safi na wa kulia una nywele zake zote.

"Huyu nani?" Mwalimu Mkuu aliuliza kutoka mlangoni, maana alikuwa amefuata kelele.

"Mteja," Kinyozi alisema akitafuta soketi. "Nimemwambia anisubiri, amekataa."

"Nitasubiri wapi na kichwa hiki?" mteja alisema. "Nimeamua feni inapokwenda na mimi naenda."

Hata Msimamizi alicheka. Feni ikawashwa, ikaelekezwa kwenye ubavu ulio wazi wa kompyuta, na karatasi zote mezani zikataka kuruka, kila mtu akashika yake. Bi Harusi alimtazama mumewe. Alitaka kusema pole kwa benchi, pole kwa mlango. Kinyozi akamtangulia.

"Usinishukuru kabla hujachapa," alisema kwa sauti ya chini. "Na mama asijue niliogopa."

"Nimesikia," Mama Vidole alisema. "Mimi sioni, siyo kwamba sisikii. Bi Harusi, asilimia ngapi?"

"Sitini na saba, mama."

Kinyozi alimalizia upande wa kulia wa kichwa cha mteja pale pale, karibu na dirisha, kwa mkasi na kitana, huku akiambiwa asilimia. Sabini na tano. Themanini na nne. Kwenye tisini mkasi ulisimama wenyewe. Saa nane na dakika tano mstari wa mwisho ulipita, na mashine ikaandika kwamba imemaliza, bila kosa.

Bi Harusi aliusoma mstari huo kwa sauti. Kisha akafungua programu, akaweka karatasi nzito, akabonyeza "Chapa".

Mtambo ulinguruma. Ulipiga nukta zake kwa kelele ile inayowakera walimu wa madarasa ya jirani mwaka mzima, na hakuna aliyeziba masikio.

*

Kuchapa si kumaliza. Sheria ya chumba ilikuwa ileile: nakala ya kwanza ni ya vidole. Msimamizi aliwatoa nje Kinyozi na mteja wake, akamkumbusha Mama Vidole kwamba maswali ni siri na asitamke hata moja. Yeye akasema maswali ya watu hajawahi kuyatangaza, akavuta kurasa nane mapajani.

Alisoma. Midomo yake ilikuwa imefungwa, na vidole vilitembea kwa mwendo uleule, mstari hadi mstari, bila kuharakisha. Saa nane na robo alikuwa ukurasa wa nne. Mwalimu Mkuu alisema polepole kwamba pengine kurasa zilizobaki zinafanana na hizo. Mama Vidole aliinua kidole cha shahada, Mwalimu Mkuu akanyamaza. Kwenye ukurasa wa sita, penye mchoro, vidole vilisimama. Vikarudi nyuma. Vikauzunguka mchoro mara mbili, kona kwa kona.

Vidole vikaendelea. Saa nane na dakika ishirini na tano alipanga kurasa, akagonga kingo zake mezani zikalingana.

"Kila swali lipo," alisema. "Hata la saba. Chapa."

Zilichapwa zote kumi na nne. Saa kumi kasoro dakika kumi nakala zilikuwa mezani, zimefungwa kwa uzi, na gari lilikuwa limeanza kupiga honi getini. Msimamizi alitoa fomu yake, akapitia sehemu moja moja. Idadi ya nakala, sawa. Msomaji, Mama Vidole, sawa. Kalamu ikasimama.

"Hapa kwenye fundi," alisema, na sauti yake haikuwa na pasi ya asubuhi, "niliandika vibaya. Niandike nani?"

"Subiri," Mama Vidole alisema. "Nakuandalia."

Alikuwa amechukua karatasi ya jalada, ile ambayo kila furushi hutoka nayo. Siku zote huichoma mwenyewe kwa mkono, kwa ubao mdogo na sindano yake, maneno machache: imesomwa na Mama Vidole. Humchukua nusu dakika. Leo sindano iligonga, ikaendelea kugonga, na honi ikalia mara ya pili. Kisha akaichomoa karatasi ubaoni, akanyoosha mkono. Hakumwelekea Msimamizi.

Bi Harusi aliipokea, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Kwa miaka tisa alikuwa amejifunza nukta kwa macho, taratibu, herufi kwa herufi. Mstari wa kwanza aliujua. Wa pili aliuanza, akafika katikati, akakoma.

"Inasemaje?" Msimamizi aliuliza, kalamu mkononi.

"Inasema mama amesoma, na... na inanitaja mimi."

Kidole cha shahada kilipanda juu.

"Jina la Bi Harusi nililizoea, nikachelewa kuliacha," Mama Vidole alisema. "Kosa langu hilo, na nimelisahihisha. Sasa nisomee. Usinisimulie."

Bi Harusi alijifuta uso kwa mgongo wa mkono uliokuwa bado na vumbi la stoo, akaanza upya, kwa sauti, neno kwa neno.

"Imesomwa na Mama Vidole. Mashine imetengenezwa na binti yangu."

Msimamizi alikata neno "hakuna" kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake kama alivyosikia.